Karatasi ya Wapiga Kelele

Alama ya juu kabisa niliyowahi kupewa katika ualimu nilipewa siku ambayo darasa langu lilikuwa limeshaoza. Mkufunzi alitoka chuoni asubuhi na mapema, akaketi nyuma kabisa, akafungua fomu yake ya tathmini, akakaa dakika arobaini bila kusikia hata kikohozi. Watoto 112 wa Darasa la Pili, kimya. Penseli tu ndizo zilizosikika zikikwaruza madaftari. Kipindi kilipokwisha aliniita chini ya mwembe akanionyesha alichoandika kwenye sehemu ya usimamizi wa darasa: tulivu sana, hongera. Alama A. Nilirudi kwenye chumba changu cha kupanga nikipiga mluzi njia nzima.

Kisa hiki huwa nawasimulia vijana wa BTP, yaani mazoezi ya kufundisha, wanaoletwa shuleni kwangu na mabegi yao mapya. Nawasimulia siku ya kwanza, kabla hawajaingia darasani, maana ukichelewa mpaka siku ya tatu unakuta karatasi imeshatoka. Karatasi gani, nitafika.

Ilikuwa Julai 2017, wilayani Muheza, msimu wa machungwa, wakati ambao ukishuka stendi harufu ya maganda inakupokea kabla ya makondakta. Nilikuwa na miaka 21, mwanachuo wa ualimu ngazi ya cheti, na nilikuwa na imani kubwa sana na shati langu jeupe.

Darasa nililopangiwa lilikuwa la watoto walioanza shule Januari 2016. Huo ndio mwezi Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 ulipoanza kazi, ada na michango ikaondolewa, na wazazi waliokuwa wakivuta siku wakaja na watoto wao kwa mkupuo mmoja: wa miaka sita, wa saba, na wakubwa zaidi waliokuwa wamechelewa. Kiwango cha serikali ni watoto 45 kwa chumba. Sisi tulikuwa na 112 na madawati 22. Wanne wanne kwenye dawati, na 24 waliobaki walikaa sakafuni mbele, chini ya ubao kabisa, wakiinua vichwa kama vifaranga wanaokunywa maji.

Mwalimu mlezi wangu alikuwa mama wa miaka 58 ambaye shule nzima, mwalimu mkuu akiwemo, ilimwita Bi Mkubwa. Alikuwa mwalimu wa UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Vijana wa leo neno hilo hawalijui vizuri, na zamani lilitumika kama tusi. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 nchi iliamua kwamba watoto wote wa umri wa kwenda shule waandikishwe, na walimu wa kuwafundisha hawakuwepo. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakajifunza kazi huku wanaifanya, wengine wakisaidiwa na vipindi vya redio na masomo ya posta. Yeye aliingia darasani mwaka 1977 akiwa na miaka 18. Mimi nilikuwa na kidato cha nne na mihadhara ya saikolojia ya elimu. Yeye alikuwa na darasa la saba na miaka 40 ya vumbi la chaki. Nani angemfundisha nani, mimi sikuwa na shaka.

Wiki ya kwanza kazi ya mwanachuo ni kutazama. Niliketi nyuma na daftari langu la jalada gumu, na daftari hilo ninalo mpaka leo. Nimeandika kwa mwandiko mzuri: “Darasa lina kelele, mwalimu hakemei.” “Anapoteza dakika sita mlangoni kila asubuhi.” “Anaongea chini mno.” “Anaimba katikati ya Hisabati.” “Haandikishi wapiga kelele.” Kila sentensi ni kweli tupu, na hakuna hata moja niliyoielewa.

Zile dakika sita za mlangoni, kwa mfano. Bi Mkubwa alisimama kwenye kizingiti na kila mtoto alipita chini ya mkono wake. Shikamoo mwalimu. Marahaba, na jina. Wote 112, jina kwa jina, na mara nyingi neno moja juu yake: bibi kikohozi kimepoa? Leo kandambili za nani hizo? Mbona uso umevimba, umelala? Mimi niliona mama mzee anayepiga soga. Sikuona kwamba kabla ya kengele ya kipindi cha kwanza, ile rimu ya gari iliyoning’inizwa kwenye mti, alikwisha kujua nani hajala, nani kapigwa nyumbani, nani hatafaa kitu leo na aketishwe karibu.

Tena sikutazama miguu yake. Nilitazama mdomo, kwa sababu chuoni tulifundishwa maswali ya kuuliza na majibu ya kupongeza. Lakini yeye darasa alilisimamia kwa miguu. Hakukaa mezani. Aliandika ubaoni kwa ubavu, kama mtu anayepita kwenye uchochoro, jicho moja kwenye chaki na jingine darasani. Wakianza kuchangamka kupita kiasi kona ya kulia, alikuwa ameshafika kona ya kulia, mkono umewekwa juu ya daftari la mmoja wao, huku mdomo ukiendelea kufundisha waliokaa kushoto. Zogo likipanda yeye aliishusha sauti, na wale vifaranga wa mbele, kwa hofu ya kupitwa, waligeuka kuwanyamazisha wa nyuma. Saa nne ikikaribia, njaa inapoanza kuzungumza kwa midomo ya watoto, aliwasimamisha wote, wakapasha mikono, wakapiga makofi ya kilo, wakaimba wimbo mfupi, wakaketi. Dakika mbili. Mimi niliandika kwamba anaimba katikati ya Hisabati.

Jumatatu ya wiki ya pili Bi Mkubwa alifiwa na dada yake huko Pangani. Aliaga kwa wiki moja, na msiba ukaongeza nyingine. Walimu wa shule nzima tulikuwa tisa ukinihesabu na mimi, hivyo mwalimu mkuu akanikabidhi darasa lile moja kwa moja. Bi Mkubwa alipitia ofisini na kanga ya msiba begani, akanivuta pembeni.

“Majina, mwanangu,” alisema. “Anza na majina.”

“Sawa, Mama. Nitayashika.”

Sikuyashika. Niliona ni kazi ya mwezi mzima na mimi nilikuwa na andalio la somo la kuandika, chati za manila za kuchora na vizibo vya soda vya kukusanya kwa ajili ya kuhesabia.

Siku yangu ya kwanza peke yangu sitaieleza kwa urefu. Aliyewahi kusimama mbele ya watoto mia na ushei wasiomjua, akasema “nyamazeni” mara ya kumi na tano kwa sauti iliyoanza kupasuka, anaifahamu. Kufikia saa tano mwalimu wa darasa la jirani alikuwa amekuja mlangoni mara mbili kuangalia kama mna mtu mzima humu ndani. Mara ya pili alinionea huruma. “Mwalimu, muweke kiranja aandike wapiga kelele,” alisema. “Wote tunafanya hivyo.”

Na kweli, wote tulifanyiwa hivyo. Hakuna aliyesoma shule ya msingi nchi hii asiyeijua karatasi ile.

Kiranja alikuwa msichana wa miaka tisa hivi, mmoja wa wale waliochelewa kuandikishwa, sare imenyooshwa kwa pasi ya mkaa, mwandiko wa duara mzuri kuliko wangu. Alikuwa mmoja wa wachache sana darasani wanaoweza kuandika jina la mtu bila kulitazama mahali. Kumbuka hilo: kwenye Darasa la Pili, uwezo wa kuandika jina la mwenzako ni mamlaka makubwa. Nilimpa karatasi na penseli. Nilimpa pia fimbo ya mpera aishike, isitumike, iwe ya kuonekana tu. Darasa likatulia kama maji mtungini. Nilishangaa kwa nini Bi Mkubwa, kwa miaka 40, hakulijua jambo jepesi namna hii.

Siku ya pili kiranja aliniletea karatasi tupu. Hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo kwa muda mrefu sikulitambua kuwa kosa. Niliigeuza karatasi mbele na nyuma, nikamwambia, tena kwa tabasamu, “Haiwezekani darasa zima asiwepo hata mmoja. Kesho usiniletee karatasi tupu.” Hakujibu. Alikunja karatasi mara nne akaiweka mfukoni.

Kuanzia siku ya tatu haikuwa tupu tena. Majina matano, sita, siku nyingine manane. Na mimi nikachapa. Fimbo mbili za viganja kwa kila jina, mbele ya darasa, haraka haraka ili kipindi kisiliwe. Mtu asiseme kwamba sikuijua sheria. Waraka Namba 24 wa 2002 tuliusoma chuoni: viboko ni kwa kosa kubwa, havizidi vinne, anatoa mwalimu mkuu au mwalimu aliyempa ruhusa kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo, na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu. Swali lake lilikuja kwenye mtihani na nilijibu nikapata zote. Shuleni sikuwa na ruhusa ya maandishi, kitabu cha adhabu sikuwahi kukiona, na hakuna aliyeniuliza. Mimi nilijiambia kwamba fimbo mbili za mkononi si viboko.

Jina moja lilikuwemo kila siku. La kwanza juu kabisa. Mvulana mdogo wa sakafuni, magoti yenye kovu, aliyekuwa na tabia ya kuhesabu kwa mdomo. Ukimpa saba kuongeza sita, yeye hunong’ona moja, mbili, tatu, vidole vikipandana, mpaka afike kumi na tatu, na minong’ono yake ilikuwa na kamdundo, kama mtu anayetwanga. Leo ningemwambia mwanachuo kwamba hiyo si kelele, hiyo ni akili ya mtoto inapita mahali inapopaswa kupita, ataacha mwenyewe namba zikishaingia ndani. Siku zile nilimwona ni mkaidi. Unamchapa leo, kesho jina lipo tena.

Mengine niliyaona na sikuyasoma. Karatasi ya kiranja ilikuwa na alama nyingi za kufutwa kwa ufutio. Nilidhani anapenda usafi wa mwandiko. Watoto kadhaa walianza kuja bila penseli. Nikawagombeza kwa uzembe. Na kila asubuhi nilikuta mezani kwangu chungwa moja, limepanguswa, limewekwa juu ya kitabu cha kiada. Kiranja aliniambia ni zawadi ya darasa. Nililimenya wakati wa mapumziko na kulila taratibu, nikiwaza kwamba watoto wamenipenda upesi kuliko nilivyotarajia.

Kwa kuwa kiranja alikuwa anafanya kazi vizuri, nikamwongezea. Akakusanya madaftari. Akagawa chaki. Akaita mahudhurio, maana yeye aliyajua majina na mimi sikuyajua, na kuyaita yote kwa kusitasita kulinitia aibu. Yeye aliita, mimi nikatia alama ya vema huku nikipanga zana zangu. Siku mkufunzi alipokuja na kuniandikia A, kitabu cha mahudhurio kilikuwa mezani, na nacho alikisifu: kimejazwa bila doa.

Bi Mkubwa alirudi kesho yake. Hakwenda mezani. Alisimama mlangoni kama kawaida yake, lakini watoto walikuwa wameshaingia na kuketi, mikono juu ya dawati, midomo imefungwa. Alitazama darasa muda mrefu kidogo. Nilisubiri anisifu.

“Wana nini?” aliuliza.

“Wametulia, Mama.”

“Nauliza wana nini.” Halafu akamtaja yule mvulana kwa jina. “Yuko wapi?”

Nilifungua kitabu cha mahudhurio kwa haraka ya mtu mwenye uhakika. Jana yupo. Juzi yupo. Wiki yote, vema, vema, vema. Nikainua macho kuangalia sakafuni na pale alipozoea kukaa palikuwa na mtoto mwingine. Nikajaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho nilimchapa. Ilikuwa Jumatano ya wiki iliyopita. Tangu hapo jina lake halikuwemo kwenye karatasi, na mimi nilikuwa nimehitimisha kwamba fimbo hatimaye imemsaidia.

Bi Mkubwa hakuniuliza kitu kingine. Aliingia, akaketi sakafuni, kanga na yote, katikati ya vifaranga, akamuuliza mmoja wao mbona hana penseli. Mtoto akasema amempa kiranja. Kwa nini? Ili jina lifutwe. Wakaanza kueleza kwa pamoja, kwa furaha ya kusikilizwa, wakisahihishana bei. Chungwa moja linafuta jina la leo. Penseli inafuta siku mbili. Ubuyu wa shilingi hamsini unafuta, lakini ukishaufungua haufuti. Barafu haikubaliki, inayeyuka. Waliyasema hayo mbele yangu bila woga wowote, na ndipo nilipoelewa kwamba hawakuwa wakishtaki. Walikuwa wakimweleza mwalimu aliyekuwa safarini sheria mpya za darasa.

“Na machungwa anapeleka wapi?” aliuliza Bi Mkubwa.

Yule mtoto akaninyooshea kidole. “Si anampelekea mwalimu?”

Nikakumbuka utamu wake. Machungwa tisa nilikuwa nimekula.

Kiranja alipoitwa hakulia. Alitoa mkobani ufutio, penseli kumi na moja zilizofungwa kwa uzi, na ile karatasi niliyoikataa siku ya pili, bado imekunjwa mara nne. Alimwambia Bi Mkubwa, si mimi: “Mwalimu alisema nisimletee tupu.” Wenye kitu walilipa wakafutwa. Asiye na kitu alibaki. Yule mvulana, anayetoka kambi ya mkonge, hakuwa na kitu, basi akawekwa yeye, kila siku, ili karatasi isiwe tupu. Mtoto wa miaka tisa alikuwa amepewa kiwango cha kufikisha na akatafuta njia ya kukifikisha. Kuhusu mahudhurio alisema jambo ambalo mpaka leo sijui nilikasirikie au nilipongeze: aliogopa kwamba mwenzake akionekana hayupo atachapwa zaidi akirudi, kwa hiyo alipolisoma jina aliitikia mwenyewe, “Nipo.”

Mimi nilikuwa nimeshamnyooshea mkono wa hukumu. Bi Mkubwa akanizuia kwa jicho. Tulipotoka nje ndipo aliposema, na hakupandisha sauti. “Huyu ulimwajiri wewe. Ukamnyima mshahara, ukamwekea malengo. Unataka kumfukuza kazi kwa kosa gani?” Kisha akarudi ndani akamwomba amsaidie kumwagilia miche ya mipapai nyuma ya darasa. Alimvua ukiranja bila kuutaja. Kuanzia wiki ile vyeo vya darasa vikagawanywa vipande vidogo vidogo, wa chaki, wa mlango, wa maji, wa madaftari, vikawa vinazunguka kila Jumatatu, na hakuna kipande hata kimoja kilichohusu kuandika kosa la mtu.

Miaka kadhaa baadaye nilisoma kuhusu Jacob Kounin, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Wayne State kule Detroit, Marekani. Alimkemea mwanafunzi wake wa chuo aliyekuwa akisoma gazeti darasani, akaona wengine, ambao hakuwagusa, wakikaa sawa. Akataka kujua ni kukemea kwa namna gani kunakotuliza darasa. Yeye na wenzake walirekodi kwa video madarasa ya shule za msingi wakayachambua, na mwaka 1970 akachapisha kitabu. Jibu lake lilikuwa kama la mtu aliyetumwa nazi akarudi na samaki: namna ya kukemea haikuwatofautisha walimu wenye madarasa yanayokwenda na wale ambao madarasa yaliwashinda. Kilichowatofautisha ni mambo ya kabla ya fujo. Mwalimu ana macho kisogoni na watoto wanajua anayo. Anashughulikia mawili kwa wakati mmoja bila kuliacha moja. Anatoka shughuli hii kwenda ile bila kuacha ufa ambamo zogo litaingilia. Nilipofika hapo nilikwenda kulitafuta daftari langu la mwaka 2017, na nikasoma upya: haandikishi wapiga kelele, anaongea chini mno, anapoteza dakika sita mlangoni.

Jumamosi ya wiki ile aliyorudi, mimi na Bi Mkubwa tulikwenda kambini kwa yule mvulana, kwa miguu, saa nzima kati ya mistari ya mkonge. Njiani hakusema sana. Mara moja tu aliniuliza ninakumbuka majina mangapi, nikasema labda ishirini, akasema taja. Niliishia kumi na saba.

Mama wa mtoto alikuwa korona, kwenye mitambo ya mkonge, akianika singa kwenye nyaya, hata Jumamosi. Alipotuona alifuta mikono akatusalimu kwa unyenyekevu ulionifanya nitamani ardhi inimeze. Shikamoo walimu, alisema, na mimi wa miaka 21 nikaipokea shikamoo ya mtu wa umri wa shangazi yangu. Yeye alijua mtoto anakwenda shule. Kila siku anaondoka na sare na anarudi na sare. Na kila siku, aliongeza akicheka kidogo, anarudi na machungwa, anasema ni ya shule, hataki hata mdogo wake ayaguse.

Tulimkuta nyuma ya nyumba. Alikuwa amechimba shimo dogo kivulini, amelitandika majani ya migomba, na ndani mlikuwa na machungwa ya kuokota, yale yanayodondoka kwenye mashamba ya watu na kuachwa, mengine yameanza kulainika upande mmoja. Alikuwa ameyapanga. Kumi hapa, kumi hapa, na manne pembeni. Makumi na mamoja. Ndiyo mada niliyokuwa nikifundisha wiki aliyotoweka.

Alisimama aliponiona na akaninyooshea viganja vyote viwili.

Bi Mkubwa alipiga magoti, akavishusha vile viganja akavishika, akamuuliza machungwa ni ya nini. Mtoto akaeleza kwa hesabu safi. Alichapwa siku sita. Kama angekuwa na chungwa kila siku asingechapwa. Sasa akirudi anataka awe nayo ya mpaka shule itakapofungwa, na kwa jinsi alivyohesabu Jumamosi na Jumapili akizitoa, bado hayajatosha. Halafu akanigeukia mimi, kwa adabu kabisa, kama mtu anayemuuliza mwenye duka.

“Mwalimu, yanayooza nayo unayapokea?”

Jumatatu alikuja shule akiwa ameshikwa mkono na Bi Mkubwa, na kiroba cha machungwa kichwani kwangu. Niliomba nibebe mimi. Nilisimama mlangoni kwa mara ya kwanza, wakapita chini ya mkono wangu, na nikakosea majina zaidi ya nusu; wao wakanisahihisha, na kunisahihisha kuliwafurahisha mno kiasi kwamba wengine walitoka kupitia dirishani ili waingie tena. Niliwaambia kwamba karatasi imekwisha na fimbo imekwisha. Niliwaambia pia kwamba machungwa niliyokula hayakuwa yangu. Walinitazama tu. Mtu mzima kumwomba mtoto msamaha ni kitu ambacho wengi wao hawakuwahi kukiona na hawakujua wakiitikie vipi; mmoja, baada ya kufikiri, alisema, “Marahaba.”

Kuhusu ile A, sikumwambia mkufunzi. Fomu ilikwenda chuoni hivyo hivyo, na alama ikajumlishwa.

Somo la siku ile lilikuwa makumi na mamoja. Bi Mkubwa aliyamwaga machungwa mazima sakafuni, yaliyolainika tukayaweka kando, na darasa zima likahesabu kwa sauti, vyumba vya jirani vikatusikia na hakuna aliyekuja mlangoni. Kumi la kwanza. Kumi la pili. Mvulana yule aliketi mahali pake pa zamani, vidole vikipandana kama kawaida, macho kwenye machungwa yake, na midomo imebanwa. Nilisogea karibu, nikachuchumaa, nikamwambia ahesabu tu, aseme, haina neno. Aliitikia kwa kichwa. Vidole vikaendelea kupandana, kumi na moja, kumi na mbili, bila kukosea, mpaka wenzake wakamaliza.

Nilibaki shuleni pale wiki tano zaidi. Alikuja kila siku, aliandika majibu yote, na sikumsikia tena akihesabu.